Kumwanzisha mtoto kituoni: hatua kwa hatua, siku tatu za pamoja, au kuaga na kuondoka?

Mtoto mdogo anapokaribia kuanza kituo cha kulelea watoto au chekechea, mzazi hupewa ushauri unaogongana. Mmoja atamwambia akae na mtoto wiki mbili mpaka azoee. Mwingine atamwambia amwache mlangoni aende zake, kwani akilia atanyamaza tu. Kila mmoja ana watoto wa kuwatolea mfano, na kila mmoja anasema kweli, kwa sababu mtoto wa miezi 14 ambaye hajawahi kubembelezwa na mtu asiye wa nyumbani, na mtoto wa miaka minne aliyekulia katikati ya binamu, hawahitaji kitu kimoja.

Njia zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni hatua kwa hatua, ambayo wengi huiita mtindo wa Berlin kwa kuwa ilibuniwa huko. Ya pili ni siku tatu za pamoja, iliyoenea nchini Sweden, ambapo mzazi anashinda kituoni na mtoto kutwa nzima. Ya tatu ndiyo kongwe: kuaga na kuondoka tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kuzilinganisha, jambo moja lieleweke. Mtoto kulia wakati wa kuagana si dalili kwamba mmeshindwa, na kunyamaza si dalili kwamba mambo yote ni sawa. Mwaka 2004 mtafiti Lieselotte Ahnert na wenzake walichapisha vipimo vya kotisoli, yaani homoni ya msongo, walivyochukua kwa watoto 70 wa miezi 15 waliokuwa wakianza kituo. Katika saa ya kwanza baada ya mama kuondoka, kiwango kilipanda hadi kuzidi kile cha nyumbani kwa asilimia 75 hadi 100. Na waliolia zaidi walikuwa wale wenye uhusiano imara na mama zao. Mtoto anayelia anatangaza kwamba ana mtu wake na anamtaka. Anayekaa kimya pembeni bila kugusa chochote anaweza kuwa na mzigo uleule, ila hausemi.

Kipimo cha kufaa ni hiki: mtoto akiumia au akihuzunika, je, yupo mtu mzima mmoja hapo kituoni anayemkimbilia, akatulia mikononi mwake, kisha akarudi kucheza? Mtoto akishampata mtu huyo, ameanza kituo kweli. Kabla ya hapo anakivumilia tu.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia tutaitazama kwa mambo matano: mzazi anahitaji muda gani, mtoto anampataje mlezi wake, kituo kinatakiwa kiwe na nini, panapoharibika ni wapi, na inamfaa nani. Umri unapita katikati ya yote hayo. Hofu ya kutengana huanza kujitokeza karibu na miezi 8, huwa kali hadi miezi 18 hivi, kisha hupungua taratibu mtoto anapoanza kuelewa maneno kama "nitarudi" na kukumbuka kwamba jana ulirudi kweli. Kwa hiyo njia iliyomfaa kaka yake alipokuwa na miaka mitatu haina budi kupimwa upya kwa mdogo wa mwaka mmoja.

Njia ya kwanza: hatua kwa hatua

*Muda wa mzazi.* Wiki moja hadi tatu, na hakuna anayeweza kukuahidi tarehe ya mwisho. Siku tatu za kwanza unakuja na mtoto kwa saa moja hivi, mnakaa chumbani pamoja, mnaondoka pamoja. Hakuna kumwacha hata kidogo. Siku ya nne ndiyo ya jaribio la kwanza la kutengana, lakini isiwe Jumatatu, kwa sababu siku mbili za nyumbani humrudisha mtoto nyuma.

*Mtoto anampataje mlezi wake.* Hapa ndipo njia hii ina nguvu. Zile siku tatu mzazi anakaa mahali pamoja, kwenye kiti au sakafuni kando ya ukuta, na habanduki hapo. Hamsukumi mtoto aende kucheza, wala hamzuii akirudi. Hashiki simu, kwa sababu mtoto akigeuka kumtafuta kwa macho, lazima ayakute macho yake. Wakati huohuo mlezi mmoja, yuleyule kila siku, anamkaribia mtoto polepole kupitia mchezo, bila kumshika kwa nguvu.

Siku ya nne, baada ya dakika chache chumbani, unamuaga mtoto waziwazi na kutoka, ila unabaki karibu. Atakimbilia mlango. Pengine atalia. Mlezi anainama hadi usawa wake, anamwita kwa jina, anampa mkono. Akitulia, unakaa nje hadi dakika 30, si zaidi. Kilio kikizidi na mlezi akashindwa kumtuliza, unarudi baada ya dakika mbili tatu, unampokea, na mnakwenda nyumbani. Kurudi ndani na kuendelea kucheza humchanganya, kwani hajui tena kama kuagana kumekwisha.

Jaribio hilo ndilo linaloonyesha safari itakuwa ndefu kiasi gani. Mtoto aliyekuwa akizungukazunguka bila kukutafuta sana, na akatulizwa na mlezi, anaweza kumaliza kwa siku sita hivi. Aliyekuwa akirudi mapajani mwako kila mara na asitulizwe atahitaji wiki mbili hadi tatu, na jaribio lijalo lisubiri hadi siku ya saba. Katikati ya hapo mlezi anaanza kuchukua kazi zako ukiwapo: kumlisha, kumbadilisha nepi, kumlaza. Muda wa kutengana unaongezwa kidogo kila siku.

*Kituo kinatakiwa kiwe na nini.* Mlezi maalumu wa mtoto wako kwa wiki hizo, na nafasi ya mzazi kukaa chumbani. Watoto wapya waanze kwa kupishana. Kituo kinachopokea watoto wanane wapya Jumatatu moja hakiwezi kufuata njia hii hata kama kinaitaja kwenye tangazo lake.

*Panapoharibika.* Mara nyingi ni kwa haraka. Mtoto anacheza vizuri siku ya pili, mzazi anaona nafasi na kuponyoka. Siku ya tatu mtoto hamwachilii tena nguo. Kosa la pili ni mzazi kugeuka mchezaji mkuu chumbani. Watoto wote wanamzunguka, na mlezi hapati pa kuingilia. La tatu ni mlezi kuugua siku ya nne. Hilo likitokea, ahirisha jaribio. Usimkabidhi mtoto kwa mgeni kwa sababu tu ratiba inasema hivyo.

*Inamfaa nani.* Mtoto wa miezi 8 hadi miaka miwili au zaidi kidogo, mtoto mzito wa kuzoea watu, na mtoto wa umri wowote aliyewahi kutenganishwa na watu wake ghafla. Katika utafiti uleule wa mwaka 2004, mama walipotumia siku nyingi zaidi kuwazoeza watoto, uhusiano wao ulibaki imara, au uliokuwa dhaifu ukaimarika. Mwenye uwezo wa kutoa muda huo asiuone umepotea.

Njia ya pili: siku tatu za pamoja

*Muda wa mzazi.* Siku tatu kamili, mara nyingine tano, kuanzia asubuhi hadi karibu na saa ya kuondoka. Siku inayofuata mtoto anaachwa kwa siku nzima au karibu nzima. Kwa mfanyakazi anayeomba ruhusa kazini, kujua tarehe mapema ni faida kubwa.

*Mtoto anampataje mlezi wake.* Kwa kupitia siku yenyewe. Anakiona kituo chote pamoja na mtu anayemwamini: wapi viatu huwekwa, chakula huja baada ya nini, wapi hulalwa, mchezo wa nje huisha vipi. Mzazi hakai ukutani. Anaingia katika kila jambo, anamlisha, anamlaza, anacheza naye, anapiga soga na walezi mbele yake. Mtoto husoma uso wa mzazi, na mtu mgeni anayechekewa na mama hupungua ugeni. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewachunguza mama na watoto wachanga katika vijiji vya Uganda mwaka 1954 na 1955, aliona mtoto anavyomtumia mama kama kituo salama: hutambaa mbali kuchunguza, hugeuka kumtazama, kisha huendelea. Njia hii inaitumia tabia hiyo kwa ukamilifu.

*Kituo kinatakiwa kiwe na nini.* Chumba kinachotosha watu wazima wa ziada, na walezi wasiobabaika kufanya kazi wakitazamwa na wazazi.

*Panapoharibika.* Udhaifu wake uko hapohapo penye nguvu yake. Kwa kuwa mzazi ndiye aliyemlisha, aliyemlaza na aliyemfuta machozi kwa siku zote tatu, siku ya nne mtoto anakijua chumba lakini bado hajawahi kutulizwa na mtu mwingine ndani yake. Wengine huipita siku hiyo bila shida, wengine huanguka vibaya. Dawa yake si ngumu: kuanzia mchana wa siku ya pili mlezi achukue walau kazi mbili za mwilini, kama kubadilisha nepi na kumlaza, mzazi akiwa hatua mbili pembeni. Na siku ya nne mtoto achukuliwe mapema, baada ya chakula au usingizi wa mchana.

Uchovu nao hausemwi sana. Saa sita za kelele na nyuso mpya ni nyingi kwa mtoto wa mwaka mmoja. Akianza kusugua macho, kugeuza uso na kulialia bila sababu, mpeleke kona tulivu kwa dakika kumi. Ratiba haitaharibika.

*Inamfaa nani.* Mtoto mdadisi anayevutiwa na watoto wenzake, hasa wa mwaka mmoja na nusu kwenda juu. Mzazi mwenye siku chache zinazojulikana. Na mzazi mwenye wasiwasi yeye mwenyewe, kwani akishaiona siku nzima kwa macho yake, ataagana kwa uso uliotulia.

Njia ya tatu: kuaga na kuondoka

*Muda wa mzazi.* Karibu hakuna, lakini maandalizi yake hufanyika nyumbani. Wiki moja kabla, pita na mtoto nje ya kituo. Ombeni kutembelea mara moja au mbili, nusu saa kila mara, mlezi wake akiwapo. Mwonyeshe choo, watoto wengi wa miaka mitatu hushinda wamebana mkojo kwa kuogopa choo wasichokijua. Mweleze siku itakavyokwenda kwa mpangilio, bila kuipamba. Ukimwambia "utafurahi sana" naye asifurahi, atadhani kuna kitu hakipo sawa ndani yake. Sema: "Utacheza, utakula, utalala kidogo, kisha nakuja kukuchukua."

*Mtoto anampataje mlezi wake.* Kwa mikono ya mlezi siku ileile. Kwa hiyo makabidhiano ndiyo kila kitu: mtu yuleyule mlangoni kila asubuhi wiki nzima ya kwanza, ampokee mtoto mwilini au kwa mkono, na awe na jambo la kufanya naye papo hapo, kama kumwagilia mimea au kupanga vikombe. Mtoto aliyeachwa asimame katikati ya chumba hana pa kushika.

*Kituo kinatakiwa kiwe na nini.* Walezi wa kutosha saa ya kuwasili. Mlezi mmoja anayepokea watoto 20 mlangoni hawezi kumtuliza hata mmoja.

*Panapoharibika.* Kwanza, kutoroka. Mzazi anangoja mtoto ashughulike na mchezo, anachomoka kimyakimya ili kuepuka kilio. Kilio cha siku hiyo hukiepuka kweli, lakini mtoto amejifunza kwamba mtu wake anaweza kutoweka wakati wowote akigeuza mgongo. Kesho yake hachezi, analinda. Pili, kuaga kusikoisha: mzazi anaaga, anasita, anarudi kumkumbatia, anaaga tena. Kila kurudi kunamwambia mtoto kwamba kilio chake karibu kimefanikiwa, na pia kwamba hata mama hana hakika na mahali hapa. Tatu, ahadi iliyovunjwa ya saa ya kurudi.

*Inamfaa nani.* Mtoto wa miaka mitatu au zaidi anayezungumza, aliyewahi kubaki na bibi, shangazi au jirani na akarudiwa, na mtoto ambaye mzazi wake kukaa chumbani humzidishia kung'ang'ania. Watoto wa namna hiyo wapo, na kumlazimisha mzazi kukaa wiki mbili huwaongezea tabu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, njia hii itumike pale tu ambapo hakuna nyingine, na siku ya kwanza isizidi saa moja au mbili.

Yanayohitajika kwa njia zote

Kuaga kuwe na sura moja isiyobadilika: kumbato, sentensi moja, ishara moja ya mkono dirishani, basi. Dakika mbili zinatosha. Sentensi itaje tukio badala ya saa, kwa mfano "Narudi mkimaliza kulala", kwa kuwa mtoto wa miaka miwili hajui saa tisa ni nini. Kisha rudi wakati huo kweli.

Mpe kitu chenye harufu ya nyumbani: kitambaa chake cha kulalia, au fulana yako ambayo haijafuliwa. Kiandikwe jina na kisigeuzwe tuzo. Mlezi anayekificha ili mtoto "azoee" anamnyima njia ya kujituliza mwenyewe.

Tarajia mambo yahamie nyumbani. Mtoto aliyeshinda vizuri kutwa nzima anaweza kukuona mlangoni akaangua kilio au akakupiga. Alijizuia siku nzima, sasa amefika kwa mtu anayeweza kumwonyesha yote aliyoyazuia. Wengine huanza tena kukojoa kitandani, kuamka usiku, kutaka kulishwa kama mtoto mchanga. Kwa kawaida hayo hupungua ndani ya wiki chache. Usimhoji njiani alifanya nini na nani. Mpe kitu cha kula, kaa naye sakafuni dakika 15 au 20 bila simu, afanye anachotaka, na alale mapema kuliko kawaida. Wiki hizo si za kumwachisha nepi wala kumnyang'anya chuchu ya bandia.

Wiki ya pili huwashangaza wengi. Mtoto aliyeingia akikimbia siku tano za mwanzo anaanza kulia mlangoni siku ya nane, kwa sababu ugeni umeisha na sasa amegundua kwamba kituo ni cha kila siku. Endeleeni na kuaga kulekule.

Yasiyo ya kawaida ni haya: kukataa kula na kunywa siku nzima, siku baada ya siku, kilio kisichotulizwa na mtu yeyote hata baada ya wiki tatu, mtoto aliyezima, asiyecheza kituoni wala nyumbani, kupoteza maneno aliyokuwa nayo, au kumwogopa mtu mmoja mahususi. Hilo la mwisho lifuatiliwe siku hiyohiyo. Mengine yahitaji kikao na mlezi, na mtaalamu wa afya ya mtoto yasipobadilika.

Uchague nini kwa hali yako

Mtoto ana miezi 8 hadi 24, nawe unaweza kupata wiki mbili: hatua kwa hatua. Si lazima awe mama. Baba au bibi aliyemlea anaweza kukaa kile kiti, na wakati mwingine anayeagana bila kutetemeka ndiye afaaye.

Una siku tano tu za ruhusa: siku tatu za pamoja, kisha mbili zilizobaki zitumie kwa siku fupi, ukiwa karibu na simu. Kama bibi yupo, gawaneni: wewe siku tatu, yeye wiki inayofuata amchukue mtoto mapema.

Ana miaka mitatu au minne, anazungumza, amezoea kubaki na watu: kuaga na kuondoka, baada ya kutembelea mara mbili.

Aliwahi kulazwa hospitali bila watu wake, au amehama mlezi ghafla: hatua kwa hatua, hata akiwa na miaka mitano, na jaribio la kwanza la kutengana lichelewe.

Mdogo wake yuko njiani, au mnahama nyumba: aanze miezi miwili hivi kabla, au asubiri hadi mambo yatulie. Kuzaliwa kwa mdogo na kuanza kituo vikikutana wiki moja, mtoto huona kwamba ametolewa ili mwingine aingie.

Kituo hakiruhusu wazazi ndani: omba mambo matatu, nayo ni mlezi mmoja wa kumpokea wiki mbili za kwanza, siku fupi wiki ya kwanza, na ujumbe au simu moja ndani ya saa ya kwanza kukueleza kama ametulia. Kituo kikikataa yote matatu, tafuta kingine kama unaweza.

Amekosa wiki nzima kwa kuugua: usianze upya, ila rudi hatua moja nyuma. Siku mbili fupi, mlezi wake yuleyule mlangoni, kitambaa chake mkononi, kisha ratiba ya kawaida.